Ngeli ya Mvule

"Mti huu, si mti huyu," Nakijwa alimwambia yule mwanamume, na mwanamume akamtazama kama mtu aliyekanyagwa mguu kisha asiombwe radhi.

Walikuwa kwenye foleni langoni mwa Bustani ya Pumzi, asubuhi ya mwezi wa saba, upepo ukishuka kutoka milima ya Uluguru na majivu yake. Mwanamume alikuwa akimsimulia mkewe habari za mvule mkubwa uliomo ndani. Mti huyu, alisema, amewafungua watu vifua. Nakijwa hakuweza kunyamaza. Alikuwa na stashahada ya Kiswahili na ulimi usio na komeo, na Morogoro nzima ilimjua kwa vyote viwili.

Mama yake, Bi Nanzia, aliyekuwa ameegemea mkono wake, alicheka mpaka pumzi ikamkatikia. Ilipomrudia alimgeukia yule mwanamume. "Msamehe tu, baba. Huyu hata akiota ndoto mbaya anaisahihisha kwanza ndipo aamke."

Ndani ya lango, njia ilipita katikati ya maua mwitu, na hapo ndipo mama alipopenda kuchelewa. Hakuna aliyeyapanda. Yalijiotea ukingoni, mahali ambapo jua lilifika: mbigili za maua ya manjano, mgagani mweupe uliokaribia kukauka, na kifauongo kilichotambaa chini na vishada vyake vya zambarau. Mama alikigusa kifauongo kwa ncha ya fimbo. Majani yakajikunja. Alitabasamu kama aliyemfinya mtoto wa jirani bila kuonekana. Alikifanyia hivyo kila alipokuja, na kila mara ilimfurahisha upya.

Mbele kidogo maua yalikoma. Kivuli cha miti kilikuwa kizito mno. Palikuwa na mikangazi, misufi na mikuyu, yote ya enzi za mababu, na katikati yake mvule, ambao shina lake watu wanne wakishikana mikono wasingelimaliza. Chini yake ardhi ilikuwa tupu na nyeusi kama sakafu ya jiko.

Miti ya bustani ile haikupukutisha majani. Kila mmoja ulikuwa umetiwa kiamshi, nyuzi nyembamba za shaba zilizopita chini ya gome na kushuka hadi mizizini, na kazi ya kiamshi ilikuwa kuuzuia mti usijue kwamba kiangazi kimefika. Mvule wa porini huvua majani wakati huo ukapumzika. Mvule wa bustani ulibaki kijani, ukavuta maji ya chemchemi iliyo chini yake, ukayatoa majanini kuwa mvuke wenye dawa, na mvuke huo ukawashukia watu waliokaa kwenye mabenchi.

Watu hao walikuwa na kifua cha majivu. Tangu miaka ile milima ilipoungua, kila kiangazi upepo uliyateremsha majivu mjini, na waliotumwa kuyafagia barabarani bila hata kitambaa cha puani, Bi Nanzia mmoja wao, ndio waliobaki na mapafu yanayolia. Kila mti ulikuwa na watu wake, na kila mtu alikuwa na kiti chake. Hapakuwa na mti wenye nafasi ya mgeni.

Nakijwa alimkalisha mama yake penye kiti chake, kando ya Bi Sikudhani, bibi aliyewahi kuuza vitumbua stendi na ambaye bado alizungumza kama anashindana na honi za mabasi. Akamwamkia. Bi Sikudhani aliitikia marahaba, kisha akalalamika kwamba mvuke wa siku hizi umekuwa mwepesi. Ni kama chai, alisema, ya majani yaleyale yaliyochemshwa mara ya tatu. Mama akamwambia asiyetosheka na hewa atatosheka na nini. Lakini Nakijwa alimtazama mama akivuta pumzi, akaona mabega yakipanda juu kuliko yalivyopanda wiki iliyopita.

Alizunguka upande wa pili wa shina. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mji uliendeshwa na Karani. Karani alikuwa mashine. Taa, mabomba, mabenchi, mishahara na likizo za watumishi, vyote vilikuwa mikononi mwake. Zamani aliamua kwa namba peke yake, hadi alipofunga maji ya mtaa mzima kwa kuwa hesabu zilimwambia hakuna anayekaa huko. Ndipo ikatungwa sheria kwamba mashine isiondoe chochote wala yeyote kwa namba. Lazima mtu aseme neno kwa mdomo wake, kwa Kiswahili sanifu, mbele ya kile kinachosemwa, na neno lililosemwa lisiondolewe ila na aliyelisema. Watu wa kazi hiyo waliitwa Wasema Hali, na Nakijwa alikuwa mmoja wao.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Akiambiwa kitu ni kizima, Karani aliendelea na shughuli zake. Akiambiwa ni kibovu, alileta fundi. Kuchoka ndiko kulikokuwa na njia mbili, na Karani aliijua njia kwa ngeli. Akisikia amechoka, alielewa ni mtu, akampa likizo. Akisikia kimechoka, limechoka au umechoka, alielewa ni kitu, akakiondoa na kuweka kingine. Alifundishwa hivyo kwa sababu ndivyo watu wasemavyo. Shati limechoka, kiti kimechoka, gari limechoka, na hakuna anayelipatia shati likizo.

Nakijwa aliweka kiganja kwenye kisahani cha shaba kilichokuwa shinani. Namba zikamjia sikioni kwa sauti ndogo isiyo na haraka: maji ya kutosha, joto la kawaida. Kisha akiba ya mizizini. Alidhani amesikia vibaya. Akatoa kiganja, akakifuta kwenye sketi, akakiweka tena.

Akiba ilikuwa karibu kwisha. Mti ule haukuwa umelala tangu bustani ilipofunguliwa. Ulikuwa ukitoa mvuke na kujila wenyewe ili utoe mvuke, na ukiendelea hivyo usingefika kiangazi kingine. Haukuwa mbovu. Haukuwa na mdudu wala ukungu. Neno lilikuwa moja tu, na Nakijwa alilijua kabla sauti haijamaliza.

Sheria ilimpa siku moja kati ya kupima na kusema. Aliondoka bila kusema.

*

Ofisi ya bustani ilikuwa banda la mbao nyuma ya vitalu vya miche. Bwana Mkude, msimamizi, alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala kidogo, na alimkaribisha Nakijwa kwa kumsogezea stuli kwa mguu kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika birika. Kwenye kona alikaa Kiwelu, fundi wa minara, Mchaga mnene, mtani wa Nakijwa aliyekuwa Mpare, mwenye kofia ya kazi magotini. Nje, juu ya lori lake, mnara wa pumzi, mtambo wa kutoa mvuke wa dawa badala ya mti, ulikuwa umelala chini ya turubai.

"Mtani," Kiwelu alisema, "nimesikia umepima. Sema neno nikakaze nati nirudi kwa mke wangu. Au mpaka twende mahakamani? Mpare huuza ng'ombe ili ashitakie kuku."

"Na Mchaga huuza mti," Nakijwa alijibu, "halafu akamuuzia mteja yuleyule kivuli."

Kiwelu alicheka kwa dhati. Mkude alitabasamu upande mmoja wa mdomo, kisha akaanza kueleza mambo ambayo Nakijwa alikwisha kuyajua, polepole, kama anayejieleza mwenyewe. Mnara ungewekwa palepale, juu ya chemchemi. Chemchemi haikuweza kunywesha wawili, ndiyo maana ilibidi mvule uondoke. Dawa ya mnara ilikuwa ileile. Mnara haukujua kiangazi wala masika. Watu wangekaa viti vilevile, na baada ya siku chache za kelele za msumeno wangepumua kuliko walivyopumua kwa miaka. Hakuna mtu ambaye angepoteza kitu.

Nakijwa alisema yeye anaomba jambo dogo. Kiamshi kizimwe. Mti uvue majani kama mivule yote, ulale hadi mvua za vuli, uamke na majani mapya na akiba mpya. Si mzee. Mvule huishi kuliko ukoo.

Mkude alimsikiliza hadi mwisho, kwani alikuwa mtu wa kusikiliza hadi mwisho. Halafu akamuuliza watu wa mvule watapumulia wapi muda wote huo, katikati ya majivu.

"Pampu za mkono zipo stoo."

Mkude aliweka birika chini. Pampu za mkono zilikuwa za kabla ya bustani: mfuko wa mpira, chupa ya dawa, barakoa, na mtu wa kuminya. Mgonjwa alipumua kadiri mwenzake alivyominya.

"Baba yangu alikufa pampu ikiwa mkononi mwangu," alisema. "Nilisinzia, dada. Sikufanya kosa jingine. Nilisinzia."

Kiwelu aliacha kupuliza chai yake.

Kisha Mkude, kwa sauti ya kawaida, akaongeza kwamba isitoshe njia hiyo haipo. Karani hazimi kiamshi cha kitu isipokuwa kitu kinapoondolewa. Kulala ni likizo, na likizo ni ya watu.

"Kifaru," Nakijwa alisema, "ameanza na ki- kama kiti na kikombe. Mbona hatusemi kifaru kimekuja?"

"Kwa sababu ana roho," Mkude alisema.

"Kwa sababu ana pembe," alidakia Kiwelu.

"Na Karani? Kila siku mnasema Karani amekubali, Karani amekataa. Ana roho au ana pembe?"

Kiwelu alimtazama Mkude. Mkude alitazama dari. Ndipo kwanza Nakijwa mwenyewe aliposikia alichosema. Kwa miaka alikuwa amewasahihisha watu foleni, sokoni na misibani, na hakuwahi hata siku moja kumsahihisha mtu juu ya Karani.

Mkude akamkumbusha, bila ubaya, kwamba ni yeye huyuhuyu aliyemsimamisha diwani katikati ya hotuba kwa sababu ya kusema miti hawa. Mji ulimwamini kwa sababu hiyo. Kesho saa sita angesema neno, na angelisema kama kamusi inavyolisema. Akamsindikiza hadi mlangoni, na hapo akamuuliza mama hajambo.

*

Jioni ile Nakijwa alipika makande, na aliyapika vibaya. Mama alikula bila kuyasema makande, jambo lililomaanisha kwamba amekwisha kujua kuna kubwa zaidi. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa kanga iliyoloweshwa maji ili izuie majivu. Kila baada ya matonge mawili matatu mama alipumzika, mkono kifuani, akisubiri.

Nakijwa alimweleza yote. Alimweleza hata habari ya pampu na baba yake Mkude. Alipomaliza alitegemea, ingawa asingekubali kwamba alitegemea, mama aseme neno lile ambalo akina mama husema ili watoto wao walale usingizi.

"Mti si shangazi yangu," alisema Bi Nanzia. "Mimi nataka kupumua."

Akaendelea, kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. Alifagia majivu ili wenye magari wapite. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Leo kuna mnara umelala kwenye lori, tayari, na binti yake mwenyewe anataka kumweka na pampu kiangazi kizima kwa ajili ya kuni. Kama kusoma ndiko huko, alisema, heri angemwoza.

Nakijwa alikusanya sahani. Aliona haya, na aliona hasira, na chini ya vyote viwili alichoka, uchovu wa mtu anayejua atakosea popote atakapogeukia. Alikuwa mlangoni na beseni la maji machafu mama alipomwita.

"Nikifa, wale waoshaji watasema ameoshwa au imeoshwa?"

"Mama, acha hayo."

"Wewe si ndiye mwenye maneno? Nijibu."

Nakijwa alisimama na beseni. "Maiti ameoshwa. Maiti imeoshwa. Watu wanasema yote mawili. Vitabu vimeyakubali yote mawili."

"Hata asiyepumua kabisa?"

"Hata yeye."

Bi Nanzia alitikisa kichwa kama mtu anayepewa bei asiyoiamini. "Kumbe mnaweza, mkitaka," alisema. Na mara akainua kidole. "Sijasema ufanye. Nimesema mnaweza. Usije ukanitia mimi kwenye mambo yako."

*

Saa sita kasoro kidogo lori lilikuwa limerudi nyuma hadi karibu na mvule. Kiwelu alikuwa amevaa miwani ya kazi na msumeno wake ulikuwa begani. Watu wa mvule walikuwa wamesogezwa na mabenchi yao kando, na walitazama kama watazamavyo watu wanaohamishwa: bila kuuliza, wakihesabu kwa macho kama vitu vyao vyote vimo. Mama alikaa kati yao. Hakumtazama binti yake.

Nakijwa aliweka kiganja kwenye kisahani. Sauti ya Karani, ambayo hapo hutoka kwenye kipaza kilichofungwa tawini, ilimtaka aseme hali.

Alikuwa ameandaa hoja usiku kucha na sasa hoja zote zilimwacha. Alichobaki nacho ni sentensi moja yenye makosa mawili, ambayo mwanafunzi yeyote angeisema mbele yake angeulizwa alifaulu vipi darasa la nne. Kilichomzuia hakikuwa hofu ya Karani. Ilikuwa kama kuvua nguo mbele ya watu.

"Mvule huyu," alisema, "amechoka."

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka, akaacha.

"Mtani," Kiwelu alisema kwa upole, "umekosea. Rudia."

Hakurudia. Kipaza kilikwaruza. Karani alikuwa akitafuta, na hakuwa na pa kutafuta isipokuwa ndani ya sarufi aliyopewa, na sarufi ilimwambia kwamba kinachochukua a- hupewa likizo. Neno lilikuwa limesemwa kwa mdomo, mbele ya msemwa, na mwenye cheo. Hakuna kilichopungua.

"Mvule, mtumishi wa bustani," Karani alisema. "Likizo imekubaliwa hadi majani mapya. Kiamshi kitazimwa. Nani anakaimu?"

Nakijwa hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amezunguka usiku mzima kwenye ngeli, akasahau utumishi. Hakuna mtumishi anayekwenda likizo kiti kikabaki wazi. Hata mfagiaji huacha kaimu. Alitazama mnara kwenye lori. Akaona hapohapo kwamba haufai. Mnara ni u-. Kitu hakimkaimu mtu.

"Nani anakaimu?" Karani aliuliza tena. "Bila kaimu, hakuna likizo."

Watu wote walikuwa wanamtazama sasa, na mama pia.

"Mimi," alisema Nakijwa.

Karani alimsomea kazi za mvule kama anavyosomewa mtumishi yeyote mpya. Kuwapa pumzi watu wa mvule tangu lango linapofunguliwa hadi linapofungwa. Kutokuwa mahali pengine. Kuisema hali yake kila jioni, kwa kinywa chake mwenyewe kwa kuwa ana kinywa. Kaimu akichoka, mwenye kazi ataitwa arudi.

Nyuzi za shaba zililia mara moja chini ya gome, mlio mwembamba kama wa mbu, zikanyamaza. Nakijwa aliuhisi ukimya huo kiganjani.

Mkude alikuja mbio kutoka bandani. Alimwambia aliondoe neno, sasa hivi, kabla majani hayajaanza kuanguka. Alimwambia ni yeye tu anayeweza kuliondoa na kwamba hakuna atakayemlaumu. Nakijwa alitikisa kichwa. Bi Sikudhani akasema kwa sauti ya stendi kwamba wao ni nani hata wachezewe namna hii, na wengine wakaitikia, na mzee mmoja akalia kabisa. Nakijwa aliyasikia yote, kiganja bado shinani. Kiwelu alivua miwani, akafunga turubai vizuri, akaketi kwenye ngazi ya lori.

Mkude alirudi bandani. Alipotoka tena alikuwa amebeba sanduku la pampu, vumbi juu yake. Aliliweka miguuni pa Nakijwa na kwa muda hakuliachilia.

"Usiminye ukiwa umekaa," alimwambia. "Ukikaa utasinzia."

*

Mvule alianza kuvua majani wiki ileile. Aliyavua kwa haraka, kama mtu anayefika nyumbani na kuvua viatu mlangoni. Yalianguka mchana kutwa juu ya mabega ya watu, juu ya mabenchi na ndani ya viatu, na mfagiaji alipoyaondoa asubuhi, adhuhuri yalikuwa yamefika tena vifundoni. Jua liliingia mahali ambapo halikuwa limeingia kwa miaka. Watu waliweka viganja juu ya macho. Wengine walihamisha mabenchi, wakayahamisha tena, wakilifuata tawi moja ambalo bado lilikuwa na kivuli.

Waliokuwa na ndugu waliletewa mtu wa kuminya. Waliobaki walikuwa wa Nakijwa. Alimwendea mmoja, akamwekea barakoa, akaminya hadi midomo ikapata rangi, akaenda kwa mwingine, na alipofika wa mwisho wa kwanza alikuwa amekwisha kuinua mkono. Mpira wa pampu ulikuwa mgumu. Siku za mwanzo alibadilisha mikono. Baadaye mikono yote miwili ilikuwa sawa kwa ubovu. Alikula amesimama. Alijifunza kulala macho wazi kati ya mgonjwa na mgonjwa, hatua chache tu za usingizi, na akajiogopa.

Kiti cha Mzee Chiduo, yule aliyelia, kilikuwa kitupu tangu Jumatatu. Jirani yake alisema amelazwa wodini. Hakusema zaidi, na Nakijwa, aliyekuwa na swali kwa kila mtu, hakuuliza. Aliminya pampu ya aliyefuata huku akikitazama kiti. Aliwaza kwamba mnara ungekuwa umesimama sasa. Aliwaza hivyo kila siku, si mara moja, na hakuna siku wazo hilo lilimjia likiwa jepesi.

Hakuwasahihisha watu tena. Alisikia mtu akisema pampu huyu, akaminya tu.

Kiwelu alipita siku moja akielekea kwenye kazi nyingine. Hakutania. Alisimama chini ya mvule na kofia mkononi, akatazama juu kwenye matawi yaliyobaki wazi kama mifupa ya samaki, akauliza kama kweli amelala au amekufa. Nakijwa alimshika mkono akamwekea kiganja kwenye kisahani. Kiwelu hakusikia sauti. Kisahani kilikuwa cha baridi. Akiba ilikuwa inaongezeka, lakini polepole sana, kipimo kidogo kuliko neno lolote alilokuwa nalo, na Nakijwa peke yake ndiye aliyejua kukisikia. Kiwelu akasema, "Haya," akamwachia mkate wa siagi uliofungwa kwenye gazeti, akaenda zake.

Mama alikuja kila siku. Hakuwa amemsamehe, na hakuficha. Ilipofika zamu yake alikunja uso na kupokea barakoa kama anayepokea chenji pungufu. Wakati mwingine alimwambia binti yake aminye vizuri, huyo anayemminyia si tairi la baiskeli. Siku aliyokuwa na nguvu alisema mvule akiamka atamdai fidia. Siku ambayo hakuwa nayo alikaa macho yamefumba, na Nakijwa alihesabu mapumziko kati ya pumzi na pumzi, na alitaka kuliondoa neno. Lilikuwa pale ulimini, ni kulisema tu. Angelisema, na kesho yake mama angepumua.

Jioni moja ya mwezi wa tisa upepo ulikuja na majivu mengi kuliko kawaida. Lango lilichelewa kufungwa kwa sababu watu hawakuweza kutembea hadi langoni. Nakijwa aliwazungukia tena na tena. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekataa kujikunjua; alivikunjua kwa mkono wa kushoto, akaviweka kwenye mpira, vikajikunja vyenyewe. Alimminyia mama. Alipomwondolea barakoa mama aliushika ule mkono, akautazama upande wa juu na upande wa chini, kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu.

Kipaza kilikwaruza tawini.

"Kaimu," Karani alisema. "Hali."

Nakijwa alisimama. Bi Sikudhani alikuwa ameinua mkono kwenye benchi la mwisho, midomo imeanza kubadilika rangi. Juu yao mvule alikuwa mtupu kabisa, hana jani, hana mvuke, hana habari na yeyote kati yao.

"Naki," mama alisema. Aliuvuta ule mkono uliojikunja, kwa nguvu isiyokuwa yake. "Mwambie kweli. Mwambie umechoka."

Sauti yake ilikuwa ndogo mno, kipaza kisingeisikia.

"Kaimu. Hali."

"Mzima," alisema Nakijwa.

Karani akanyamaza. Hakuwa na njia ya kujua. Mama alimwachia mkono, akageuza uso pembeni, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Nakijwa hakukaa kujua kama ni kikohozi, ni kicheko au ni kilio. Alikuwa amekwisha kufika kwa Bi Sikudhani. Akamwekea barakoa, akaminya.